Mringaringa wa Jeneza la Baba

Baba alipofariki tulimkatia mti wa mringaringa. Ulikuwa umesimama nyuma ya zizi, katikati ya migomba na kahawa, na mwenyewe alishatuonyesha zamani: "Huu ndio wangu. Msiende mjini kuninunulia mbao za paini kama mtu asiye na kwao." Tukatii. Mti ulipoanguka ulilala na migomba kadhaa, fundi akalalamika mbao ni mbichi, na jeneza likawa zito mpaka mchungaji akawahurumia wabebaji, akafupisha sala. Tukamzika palepale kihambani, shamba la ukoo, jirani na babu. Kwetu Old Moshi hayo ni mambo ya kawaida kabisa.

Ajabu ilikuja baadaye, tena kutoka angani.

Kahawa ya mama huuzwa kupitia chama chetu cha wakulima, na chama kina mnunuzi mmoja mkubwa, kampuni ya Ulaya. Huko kwao ikatoka sheria: wasinunue kahawa iliyolimwa mahali palipokatwa msitu, wala iliyochumwa na mtu anayeonewa. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Njoro, chini mjini, watu wanaoonewa nawaona kila siku. Ugomvi wangu ni kwamba kampuni, badala ya kuja kuuliza, ilianza kwa kutazama picha za setilaiti. Na kihamba ukikitazama kutoka juu, na migomba yake, miti yake ya kivuli na kahawa chini, unaona msitu. Sasa katikati ya huo msitu likaonekana tundu. Bwana shamba wa chama akampigia mama simu kumwambia amekata msitu.

"Msitu gani, mwanangu?" mama akauliza. "Msitu si uko juu huko, wanakoanzia kupanda mlima?"

Akaelezwa kuwa atakuja mgeni wa kampuni kukagua, na mgeni asiporidhika, kahawa yake haitapokelewa tena chamani. Mama akakaa chini. Ni mjane wa Kilutheri asiyependa kuomba mtu hata chumvi. Kahawa ile ndiyo iliyotusomesha, na kila msimu huipeleka mwenyewe, ikapimwa, jina lake likaitwa mbele za watu, akarudi nyumbani kifua mbele. Kumtoa chamani ni kumwambia akakae na wasiojiweza. Alinipigia simu akaniomba nipande, na mama yangu si mtu wa kuomba.

Siku ya ukaguzi nikafunga duka, nikapanda. Loo! Chama kizima kilikuwa kimepagawa. Kampuni ilitaka kila mkulima awe na buti za mpira na glavu, ila yenyewe haikuleta hata soksi. Bwana shamba akapata jozi moja ya buti, na jozi hiyo ikawa inamtangulia mgeni shamba hadi shamba, ikikimbizwa kwa kijia cha kando ya mfereji wakati gari lake linazunguka barabarani. Zilifika kwa mama bado zina joto la miguu ya jirani. Mama ana mguu mdogo. Akasimama ndani yake kama mchi kwenye kinu, hathubutu kupiga hatua. Mgeni akampiga picha, akasema amefurahishwa sana na usalama kazini.

Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Kijana mpole, uso umeiva kwa jua. Alikuwa amefundishwa shikamoo, basi akamwamkia kila aliyekutana naye, hata binti wa jirani aliyekuja kuazima jembe, na binti naye akaitikia marahaba bila haya. Akanywa maziwa, akala ndizi, akauliza kama bibi anaifurahia kazi yake.

"Kahawa haifurahiwi," mama akasema, "inachumwa."

Bwana shamba akatafsiri kwa Kiingereza: anaifurahia mno.

Tukaenda kwenye kisiki. Mgeni akakitazama kwa majonzi, utadhani mfiwa ni yeye, akauliza mti ulikwenda wapi. Mama akanyoosha mkono kwenye kaburi, hapo hapo jirani. "Umo humo, na mume wangu." Mgeni akasema pole. Kisha, jamani, akauliza kama kuna uthibitisho.

"Uthibitisho? Mwambie tumfukue?" nikamfokea bwana shamba. "Muulize, kwao watu wanazikwa ndani ya nini?" Mgeni akajibu, mbao. Mbao za wapi? Hajui, wenye shughuli za mazishi ndio wanaojua. "Basi hao nao wakawatazame kwa setilaiti!" Hilo bwana shamba hakulitafsiri.

Hapo baba mdogo, mdogo wake marehemu, akamvuta mama pembeni. "Shemeji, hawa kwa maneno hatuwawezi. Mpe isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Kwetu Uchaggani, hata uwe umemkosea mtu vipi, ukimpelekea isale iliyofungwa fundo, hana budi kusamehe. Akiipokea, yameisha. Akipokea halafu akashikilia kinyongo, balaa ni lake.

"Msamaha wa nini?" nikasema. "Tumekosa nini sisi?"

"Nyamaza wewe," mama akanijibu. "Isale si ya mwenye kosa tu. Ni ya anayetaka yaishe."

Akazivua zile buti, akafunga fundo, akaenda peku mpaka mbele ya mgeni, akampa kwa mikono miwili. Bwana shamba, Mchagga mwenzetu, alijawa na fahari ya kwao, akaeleza: hivi ndivyo tunavyoomba msamaha. Mgeni akauliza: msamaha wa kukata mti? Ndiyo, wa mti. Mgeni akaguswa, macho yakamlenga machozi. Akaipokea, akainama, akaomba picha. Baba mdogo akapiga makofi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na mimi mwenyewe nikanywa nikiamini yamekwisha.

Yaishe wapi! Kwenye kikao cha chama bwana shamba alisimama, macho chini, akatangaza kuwa kampuni imeridhika na wakulima wote isipokuwa mmoja, ambaye amekiri kosa mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa mujibu wa mila zake. Na kampuni inaziheshimu sana mila. Kwa hiyo kahawa yake isipokelewe. Mama alinyanyuka, akajitanda kanga yake vizuri, akatoka nje. Picha yake na isale wameiweka kwenye mtandao wao, na chini wameandika kwamba wanawasikiliza wakulima wao. Eti wakulima wao! Niliisoma nikiwa dukani, nikamfukuza mteja asiye na kosa lolote.

Sasa kahawa ya mama inachukuliwa na mlanguzi, kwa bei anayojipangia mwenyewe. Pikipiki yake anainunulia vipuri kwangu, na aliniambia huku akicheka kwamba kahawa hiyo huichanganya na ya wengine, ikaenda kule kule. Ulaya wanaendelea kuinywa. Aliyekataliwa ni mama.

Mimi nawaka, yeye anamhurumia yule kijana. "Alipokea isale kwa mikono miwili, halafu hakusamehe," anasema. "Maskini, mtoto wa watu. Kwao hana mama wa kumwambia?" Jumapili moja aliomba kanisani wamkumbuke katika maombi. Nilitamani kutoka nje.

Juzi nilipopanda kumwona, alinishika mkono akanipeleka chini kwenye mfereji, kwenye mringaringa mwingine. "Tafuta fundi auangushe huu wiki hii," akasema. "Mbao zikae darini, zikauke."

"Mbao za nini, mama?"

"Zangu. Mimi wameshanifukuza, hawawezi kunifukuza mara mbili. Mkisubiri nife, kihamba kitakuwa cha mdogo wako, kitindamimba, na yeye akinikatia mti watamfukuza."

Nikamwambia aache utani. Alilikumbatia lile shina, akalipima kwa mikono yake, akaniuliza kama mti utamtosha.