Hizbu ya Mito

Alkhamisi, 14 Oktoba 1999, Nizwa, Oman. Joto, na vumbi tangu alfajiri. Jua halikuonekana mpaka adhuhuri.

Jirani yangu Taimur bin Zuhair ni fundi wa pampu za maji, karakana yake iko Firq. Alizaliwa Unguja, akakimbilia Uingereza akiwa kijana, na huko akapokewa na bibi kizee wa chama kidogo cha kutetea mito. Bibi amekufa, na chama kiko taabani: hakina hata diwani. Taimur hakukitoka hata alipohamia huku, kwa ajili ya bibi yule. Mwaka huu kiongozi wao amejiuzulu, wawili wanaitaka nafasi, na wanachama ni wachache hata wagombea wanampigia simu kila mmoja.

Siku hiyo Ghanim na mkewe Shaikha, nao wa Unguja, walikuja kupanga harusi ya mtoto wao Asaad na Maram, binti wa Taimur. Nami nilialikwa. Simu ikalia. Taimur akazungumza Kiingereza kwa muda mrefu, akicheka, katupa mgongo.

"Babako anazungumza na nani, mwanangu?" Shaikha akamuuliza Maram.

Maram kazaliwa hapahapa, Kiswahili chake kifupi. Neno chama hakulipata. "Watu wa Uingereza, khalti. Wanachagua mkubwa wa hizbu."

Shaikha akaweka kikombe chini. Kwa Kiarabu, hizbu ni chama chochote. Kwa mtu mzima wa Unguja ni kimoja tu, cha serikali iliyopinduliwa 1964. Babake Ghanim alichukuliwa kwa jina hilo, hakuonekana tena.

Taimur aliporudi, Ghanim keshasimama.

"Mnaifufua?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, yakhe. Hizbu!"

Taimur akaeleza: mito, samaki, bibi. Akacheka peke yake.

"Chama hakina hata diwani," Ghanim akasema, "kinapiga simu mpaka Nizwa kuomba kura ya fundi pampu. Nani anailipia?"

"Wenyewe."

"Kwa ajili ya samaki! Shaikha, inuka. Posa ingoje. Mwanangu haingii nyumba ya siri."

"Nimesema nini mimi?" Maram akauliza mlangoni.

Jioni Taimur aliniambia kukitoka chama ni rahisi, lakini akikitoka leo atakuwa amekiri.

Asubuhi ya Ijumaa alinichukua tukaenda kwa Ghanim. Akaweka karatasi ya kura juu ya busati. Majina mawili: mwalimu wa kike na dereva wa basi.

"Nichagulie wewe."

Ghanim akaigeuza, akaiinua dirishani. "Yupi msemaji?"

"Dereva. Ndiye aliyepiga jana."

"Na huyu mwanamke?"

"Mkimya."

"Simtaki. Wakimya ndio waliotuponza." Akaweka kidole kwenye jina la dereva. "Huyu. Mwenye siri hapigi makelele."

Taimur alikuwa amemkusudia mwalimu tangu mwanzo. Akatia alama kwa dereva, akailamba bahasha, akauliza harusi iwe kabla ya Ramadhani au baada.