Mbuzi ya Jury

Baba mudogo wangu alisoma bure. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe halisemi. Wakati wa Zaïre serikali ilimpa kitanda, nyama ya kila siku, na pesa ya mfukoni ya kununulia suruali za mtindo. Babu hakutoa hata kuku. Leo ni profesa hapa Butembo, na kila mwaka minerval, ile karo ya chuo, ikipanda, ni yeye anayesimama mbele ya wazazi kuwaambia: «Elimu ni sacrifice.» Ptuu! Sacrifice ya nani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mimi niliacha masomo mwaka wa kwanza wa chuo, pale mashamba yetu ya kakao upande wa Beni yalipokuwa hayafikiki tena kwa sababu ya vita. Sasa ninauza misumari na sabuni katika duka dogo Bulengera. Mdogo wangu wa kike ndiye tuliyemsukuma sote mpaka mwisho. Ilibaki défense peke yake: asimame mbele ya jury ya maprofesa, atetee kazi yake aliyoandika, apate diploma, basi.

Mnajua desturi yetu. Jury ikiisha kutangaza points, familia inawaletea wakubwa wa jury chakula. Zamani ilikuwa Fanta na mandazi, kwa furaha tu. Siku hizi wakubwa hawa wanakuja na tumbo wazi, na wanauliza mapema kama ni kuku ama ni mbuzi. Kwa hiyo mama alitoka Mulekera na mbuzi yake ya mwisho, imefungwa nyuma yake kwenye pikipiki kama abiria, ikilia barabara nzima.

Tulipofika chuoni, mutu wa caisse, pale pa kulipia, akatuambia kuna frais ya jury, ada ya hao maprofesa. Frais gani tena? Imeongezwa juma hili. Asiyelipa haingii. Nikamkimbilia baba mudogo, aliyekuwa kwenye baraza akinyoosha kravati yake shingoni, maana alikuwa mmoja wa jury.

— Baba, hii frais muliitoa wapi?

— Mutoto yangu, mambo yote ilipanda. Hata siye tuliteseka.

Aliteseka! Huyu aliyekuwa akirudisha nyama ya kantini eti ni ngumu, babu alituhadithia mwenyewe! Nilitamani kumtemea mate kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Nikameza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kazi yake kifuani, akitutazama mimi na mama kwa zamu. Wenzake walikuwa wanaitwa mmoja mmoja.

Mama hakubishana na mutu. Alifungua kamba, akaivuta mbuzi mpaka sokoni, akarudi bila mbuzi, akaenda moja kwa moja kulipa. Mdogo wangu akaingia. Akawajibu vizuri, tena vizuri sana, na jury wakatangaza distinction. Nililia mbele ya watu, sioni haya.

Wakati sisi tunapiga vigelegele, mama alikuwa anatandika meza. Kitambaa cheupe, sahani, uma, na katikati sufuria yake kubwa yenye mfuniko. Wakubwa wakaketi bila kuambiwa. Mmoja akalegeza mkanda. Baba mudogo akaomba kwa Kifaransa kirefu, akabariki mikono iliyopika, akasema amina kabla yetu sote, akafunua.

Sufuria ilikuwa tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa.

— Shemeji, aliuliza, mbuzi iko wapi? Tuliisikia asubuhi ikilia.

Mama alikuwa amesimama, mikono imefungwa juu ya kitenge chake. Hakupandisha sauti.

— Mbuzi mulishakula, shemeji. Muliikulia kule kwa caisse. Hapa kunabaki kunawa mikono tu.