Duara la Rangi Kichwani

Manispaa ilipoweka ule mchezo wa taa bustanini, fundi umeme wake alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Shoti, kwa sababu ukimgusa tu, cheche. Nyuma ya watu alifunga taa kubwa. Mbele yao, mabomba yanayopuliza ukungu. Ukisimama katikati, kivuli chako kinaangukia ule ukungu, kirefu, na kichwani kinavaa duara la rangi kama lile linalouzunguka mwezi. Ila kila mtu huona duara la kivuli chake tu. La mwenzake halioni ng'o.

Basi watu na midomo yao! Wiki haijaisha wakaanza kunong'ona: asiye na duara hana siku nyingi. Wakawa wanaingia wakicheka, wanatoka wakitazamana kwa huruma.

Shoti aliwacheka mpaka jioni alipompeleka mama yake. Mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo keshokutwa, na woga ulimnyima usingizi. Shoti alitaka ajione na duara lake, roho itulie.

"Langu nimeliona," mama akasema. Kisha akamshika mkono. "Lako liko wapi, mwanangu?"

"Mama, ndivyo taa ilivyo. Kila mtu huona lake."

"Usinifanye mtoto. Siendi hospitali nikuache hivi. Wewe unaona nini?"

Shoti alikuwa anaona moja tu, lake. Kichwani kwa mama hapakuwa na kitu. Sababu aliijua, lakini akatazama tena.

"Naona mawili," akadanganya.

Mama akaenda, akapasuliwa, akapona. Jamani, Shoti alilia kwa furaha mpaka wauguzi wakamcheka! Mwezi uliofuata mama mwenyewe akaomba warudi bustanini.

Wakasimama palepale. Ukungu ukatanda, vivuli viwili vikajitokeza. Kichwani kwa mama duara likawaka rangi zote. Kichwani kwake mwenyewe, hakuna. Shoti akasogea kushoto, akasogea kulia, akafikicha macho. Wapi! Akageuka kuikagua taa: iko vilevile alivyoifunga. Akarudi kusimama kando ya mama.

"Haya, leo unaona nini?" mama akauliza.

"Mawili, mama."



"Hata mimi," mama akasema, bila kumtazama usoni.