Senene Si Chakula

Jumanne nilikwenda kliniki hapa Bukoba kupima sukari, nikiwa nimeambiwa nisile kitu asubuhi. Mbele yangu mama mmoja kutoka Kaagya alipanda mizani, akashuka, akavua viatu, akapanda tena. Mizani haikumhurumia.

"Mama, si nilikuambia upunguze chakula? Presha inapanda," nesi akasema.

"Mwanangu, nimepunguza! Mwezi wa pili huu, ndizi mbili mchana, jioni mchicha. Mizani yenu ni mbovu."

Huku akilalamika, mkono wake uliingia kwenye mkoba, ukatoka na senene, panzi wetu wa kukaanga, ukaenda mdomoni, ukarudi mkobani. Nesi akaufuata kwa macho safari tatu nzima.

"Na hao?"

Mama akashangaa kweli. "Hawa? Hawa ni senene. Wewe umeuliza chakula."

Foleni nzima tukaitikia kwa vichwa. Kwetu Wahaya, hujala mpaka ule ndizi. Mama akatupitishia mfuko wa senene, maana kutafuna peke yako ni uchoyo.

Zamu yangu ikafika. "Umekula chochote leo?"

"Sijala kitu," nikajibu bila kupepesa macho, ulimi ukihangaika na senene aliyenasa kwenye gego.