Siku Baba Alipoomba Kushuka

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza ndege kwenye mpunga, kwetu Rufiji ilikuwa mwiko watu wawili kuamrisha ndani ya mtumbwi mmoja. Mwenye kauli ni mshika kafi, awe nani awe nani. Wakiamrisha wawili, tuliambiwa, mto unachagua mtu mmoja unaondoka naye.

Sasa mfikirie baba yangu. Biashara ilikuwa imeachiwa huria, kafungua duka, na sauti yake ikapanda kuliko bei ya sukari. Nyumbani aliamrisha mpaka kuku! Aliyeamrishwa zaidi ni mdogo wake, Shangazi Mwajuma, aliyeachika akarudi kwetu. Mwajuma, maji! Mwajuma, kuni! Naye hujibu, "Labeka, kaka." Nilimwona mnyonge, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja, tukiwa shamba la mpunga, mdogo wangu Saidi akashikwa na degedege. Zahanati iko ng'ambo, mto umefurika, na mjuzi wa kafi aliyekuwepo shambani ni shangazi peke yake. Baba akampakata Saidi, mimi nikajibanza katikati. Shangazi akaanza kutupandisha kandokando ya ukingo, kinyume cha mkondo.

"Kata moja kwa moja!" baba akafoka, akasimama. "Mtoto anakufa, huoni?"

Shangazi akalitoa kafi majini, akalilaza mapajani.

"Kaka, kauli yako au yangu?"

Lo! Nilikuwa na hakika mto umeshasikia, na atakayechukuliwa ni Saidi. Baba akamtazama mwanawe, akamtazama dada yake, akakaa.

"Yako."

Tukapanda mpaka penye matete, ndipo shangazi akauachia mkondo utuvushe. Pale baba alipotaka tupite, viboko wanne wakaibuka wakipuliza maji.

Tulipogusa ng'ambo, baba hakushuka, maana hushuki mpaka mshika kafi aseme. Zahanati tunaiona, Saidi anatweta kifuani mwake, naye kakaa tu, machozi yanamtoka.

"Dada, tushuke?"

"Shuka, kaka. Kimbia!"

Saidi leo ana watoto watatu. Kama mwenye kuchukua mtu ni mto au ni viboko tu, sijui, wala siulizi. Ninachokumbuka ni jioni yake: shangazi aliegemeza kafi ukutani, akaenda kuchota maji bila kuambiwa, wala hakujitapa. Baba akayapokea kwa mikono miwili. Mimi sasa ni mwalimu mkuu, naamrisha kutwa, na kila nikitaka kufoka hujiuliza kwanza kama kafi ninalo mimi.