Vumbi Lililomfuata Fundi Nyumbani

Fundi wa betri za magari alikuwa na binti mdogo waliyemwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishi maneno. Alizungumza na kuku, na sufuria, hata na viatu vya baba yake. Kisha maneno yakaanza kumpungua. Akawa mnyonge, tumbo likimsumbua, na akiitwa anageuka polepole kama mtu aliyetoka usingizini.

"Anadeka tu huyo," alisema bibi yake. Lakini mama mtu roho haikumtulia. Alimbeba mgongoni hadi hospitali, mumewe akifuata nyuma na nguo zake za kazi, mikono imejaa weusi.

Daktari aliyasoma majibu ya damu, kisha akaitazama ile mikono.

"Baba, betri kuukuu unazipasua mwenyewe?"

"Ndiyo. Nazipasua, nayeyusha madini ya risasi yaliyomo."

"Na ukirudi nyumbani?"

Fundi aliinama akalitazama shati lake. Kila jioni Chiriku ndiye aliyempokea, akimrukia kifuani, kwenye shati lile lile.

Daktari alieleza taratibu kwamba damu ya mtoto ina risasi, iliyoletwa na vumbi la nguo hizo. Seli za mwili hupelekeana ujumbe, na mara nyingi mjumbe ni kalsiamu. Risasi hujifanya kalsiamu, hupita mlango uleule na kupeleka habari za uongo. Basi jeni zinazotakiwa kuamka zikuze ubongo hulala, na nyingine huamka bila kuitwa.

"Kumbe mimi ndiye ninayemmaliza mwanangu?" fundi aliuliza.

"Hajaisha, baba. Mmewahi. Ondoeni chanzo, apate dawa, mwili utaitoa hiyo risasi."

Tangu hapo fundi akawa anaoga kazini, na nguo za kazi hazikuvuka kizingiti. Kuyeyusha aliacha kabisa. Mkewe alipiga deki kila pembe, naye Chiriku alinuna kwa kukatazwa kumrukia baba yake langoni.

Majibu yaliyofuata yalionyesha risasi imeshuka sana.

"Tutaendelea kumfuatilia mpaka aanze shule," daktari alisema, "ila leo nendeni mkapumzike."

Walipokuwa njiani, mtoto aliivuta mbeleko. "Mama, mbona daktari ana masikio makubwa hivyo?"

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Fundi alitaka kumkemea, akashindwa. Akaketi kwenye ngazi za duka la watu, akimbembeleza aseme tena.