Meno ya Bibi Niliyoyachemsha

Hata leo mtu akitafuna karafuu karibu nami, mimi huondoka. Juzi tu nilikuwa kwenye foleni dukani, na dada aliyenitangulia alikuwa ameibana moja kwenye jino bovu. Harufu ile kali ikanijia puani, nikarudi nyuma bila kuangalia mpaka nikamkanyaga mzee wa watu. Nikaomba radhi, nikatoka bila kununua nilichokifuata. Wanangu wanadhani karafuu zinanidhuru. Sijawahi kuwaambia ukweli, kwa hiyo ninyi ndio wa kwanza kuusikia.

Nilikulia kwenye kijiji cha juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Gare, mahali ambapo ukungu huchukua asubuhi nzima kuondoka na watoto huota moto kwanza ndipo wanawe uso. Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, mzaa baba. Baba na mama walikuwapo, lakini walishinda bustanini kwenye kabichi na karoti zao, na aliyenilea hasa ni Bibi. Nilikula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na alikuwa na jicho ambalo lilikufanya ukumbuke makosa yako hata kama hajasema kitu.

Bibi alikuwa mwalimu. Kila siku baada ya swala ya alasiri, wasichana wa kijiji walikuja na juzuu zao zimefungwa kwa vitambaa, wakaketi mkekani barazani petu, naye akawasomesha Kurani. Kwake kila herufi ilikuwa na mahali pake mdomoni, na hakuwa na mzaha na jambo hilo. Thaa na dhali, alisema, zinataka ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu, iguse tu, isisukume. Alifungua mdomo wake ili tuone, nasi tukasogea kuchungulia. Mimi nilichokiona zaidi ni fizi zake. Zilikuwa nyekundu, zimevimba, na asubuhi akipiga mswaki alitema damu. Alisema ni uzee. Nasi wote tukasema ni uzee, ingawa alikuwa bado analima na kupanda kilima na mzigo wa kuni kichwani.

Meno yake hayakuoza. Yalilegea tu, yakaanza kucheza, na moja baada ya jingine akayang'oa mwenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ndipo zahanati walipomwambia ana kisukari, akatakiwa apunguze sukari na vyakula vitamu. Hakuna aliyetuambia, au labda tuliambiwa hatukusikia, kwamba fizi na sukari hujuana. Meno yote ya juu yalipokwisha, herufi zake nazo zikakosa mahali pa kukaa. Thaa ikawa upepo. Wasichana walijiziba midomo kwa mitandio wakicheka, naye aliwaona. Siku moja alifunga msahafu wake, akasema hawezi kuwafundisha watoto maneno ya Mungu kwa mdomo unaovuja. Darasa likahamia kwa Bi Zaituni, mjane aliyeishi upande wa pili wa kijito, mwanamke mpole ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemsomesha zamani.

Miaka miwili baadaye baba mdogo aliyekuwa akifanya kazi Tanga alimchukua Bibi, na aliporudi alikuwa na meno ya juu kamili, yamepangika, na fizi zake za bandia za rangi ya waridi. Kijiji kizima kilikuja kuyaangalia. Mzee mmoja jirani yetu aliomba ayajaribu, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa anatania. Bibi hakucheka. Kabla hata wiki haijaisha alivuka kijito akawarudisha wasichana wake. Nilikuwepo. Bi Zaituni alikuwa katikati ya somo, na Bibi, akiwa amesimama mlangoni, aliwaambia watoto wanyanyuke, kwani mwalimu mwenye meno amerudi. Bi Zaituni aliinama akaanza kukunja mkeka wake. Sisi watoto tuliona imekuwa kichekesho kizuri.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu, siku ya mwisho ya Ramadhani ni siku ya kusugua. Kila sufuria, kila sahani, kila kijiko hutolewa nje, husuguliwa kwa majivu ya jikoni mpaka king'ae, kisha huzamishwa kwenye maji yanayochemka, ili Idd ikute nyumba safi. Kazi hiyo ni ya wasichana, na mwaka ule ilikuwa yangu peke yangu. Shuleni nako tulikuwa tumetoka kufundishwa kwamba vijidudu hufa maji yakichemka. Nilikuwa karibu na kumaliza nilipoona bilauri ya Bibi dirishani na meno yake ndani. Siku za saumu aliyavua akapumzisha fizi, kama alivyoelekezwa Tanga, akayavaa kwa kusomesha tu, na siku hiyo darasa lilikuwa limefungwa kwa ajili ya Idd. Chai ya rangi ilikuwa imeyatia umanjano. Nikamwona Bibi akilini mwangu siku ya Idd, amevaa kanga mpya, anacheka meno meupe, na wageni wanauliza nani ameyasafisha hivyo. Nikayasugua kwa majivu. Kisha nikayatia kwenye sufuria pamoja na vijiko.

Nilipoyatoa yalikuwa meupe, haki ya Mungu. Nikayarudisha kwenye bilauri, nikatia maji ya baridi, nikangoja sifa.

Asubuhi ya Idd Bibi aliyavaa, akasita. Akayavua, akayatazama, akayavaa tena, akayasukuma kwa kidole gumba. Upande wa kushoto uliinuka. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na weupe hakuuona. Aliweka kiganja shavuni, akaniuliza kama yeye mwenyewe aliyadondosha usiku. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Lakini mlango ulikuwa wazi, wageni wa kwanza walikuwa wanapiga hodi, nami nilikuwa nimevaa gauni jipya. Nikasema sijui.

Neno hilo moja lilikaa nyumbani kwetu miezi mitano.

Meno yaliyopinda hayakai, hutembea, na kila yanapotembea hukata. Kidonda kilianza juu ya ufizi, kikapanda kwenye kaakaa. Bibi aliponda karafuu akaishindilia kidondani, na chumba chetu kikawa hakina harufu nyingine. Hakuweza kutafuna bada, ule ugali wa muhogo, wala maharage, wala hata ndizi za kuchemsha zikiwa na ugumu kidogo. Alichoweza kumeza ni uji, na uji aliuzoea mtamu, na chai tamu, na ndizi mbivu sana, yaani vile vile alivyokatazwa zahanati. Mama alimwonya, naye akajibu kwamba afadhali afe ameshiba. Alianza kunywa maji bila kikomo. Kanga alizokuwa akijifunga mzunguko mmoja na nusu zikamzunguka mara mbili. Baba alitaka kumpeleka hospitali, akakataa. Hata hivyo kila alasiri aliyavaa meno yale, akakaa mkekani, akasomesha, na herufi zikipita pale penye kidonda niliona vidole vyake vikifinya ukingo wa mkeka.

Mimi nilijua. Nililala ubavuni pake nikijua. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ilipofika alikuwa ameamka na nafuu kidogo, nikaona labda yatajirudi yenyewe.

Siku moja, wakati wa kuvuna maharage, aliniita nimchukulie kikapu cha peasi, twende kwa Bi Zaituni. Tuliteremka polepole katikati ya matuta ya kabichi, akishika bega langu. Kwenye kijito alikaa juu ya jiwe akatema, na mate yalikuwa na damu na usaha. Nilimwamkia Bi Zaituni shikamoo, nikakaa chini karibu na miguu ya Bibi na kikapu mapajani. Bibi alivua yale meno, akayafunga kwenye pembe ya kanga, na akasema kwa ule mdomo wake mtupu, polepole, ili kila neno lifike.

"Nilijivuna kwa meno, Zaituni. Nikakuvunjia heshima mbele ya watoto uliowalea wewe. Mungu ameyageuza meno yenyewe, yananila. Nimetafuta kosa langu usiku na mchana, sioni jingine. Nisamehe. Na watoto ni wako."

Bi Zaituni alilia. Alisema hakuwahi kuweka kinyongo, jambo ambalo nadhani halikuwa kweli, na alikataa kupokea watoto, kisha akakubali. Walishikana mikono muda mrefu. Mimi nilikuwa nikihesabu peasi kwenye kikapu. Na hapa niwaambie kitu ambacho hakinipendezi. Nilichokisikia moyoni ni nafuu. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, ni mtu mzima, na ameshasamehewa. Nikafikiri sasa atapona.

Hakupona. Haikupita wiki mbili, shavu likavimba mpaka jicho likafunga, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha hata hayo yakakoma. Baba na wanaume wawili walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali mjini Lushoto. Sukari yake ilikuwa juu sana, na kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Daktari alimweleza baba kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vikilishana: sukari inakizuia kidonda kisipone, kidonda nacho kinaipandisha sukari. Kwa siku tatu hatukujua kama tutarudi naye. Mama aliswali kwenye veranda ya wodi, na shangazi walianza kufika kutoka Bungu na vitenge vyao vya msiba vimefichwa kwenye mikoba, kila mmoja akijifanya hakuvibeba.

Siku ya nne Bibi alifumbua macho na kuomba maji. Siku ya tano akaja daktari wa meno, kijana mtaratibu. Aliyashika yale meno kwenye mwanga wa dirisha, akayageuza, akauliza nani huyasafisha. Baba akasema ni Bibi mwenyewe.

"Haya yaliingia kwenye maji ya moto," daktari akasema. "Maji ya moto huyapinda. Huoshwa kwa maji ya baridi, sabuni na brashi laini, basi."

Baba akaanza kusema haiwezekani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika pindo la koti lake. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nadhani ni kwamba baba alikuwa anabisha kwa uhakika sana, na nilimwonea aibu.

"Ni mimi. Niliyachemsha siku ya kuamkia Idd."

Baba aligeuka, nikajikunyata nikingoja kofi. Lakini Bibi aliinua mkono kitandani, na baba akatulia. Daktari alitutazama, akasema atarudi baadaye. Bibi aliniita kwa kidole nikasogea mpaka nikausikia ule uvundo wa kidonda na karafuu.

"Kwa hiyo hakuwa Mungu," akasema.

Nilitikisa kichwa, kwamba hakuwa. Machozi yalimtoka, yakateremkia masikioni maana alikuwa amelala chali, nikafikiri anafurahi. Kisha akaniangalia, na lile jicho lake lilikuwa limerudi.

"Siku ile kwa Zaituni ulikaa miguuni pangu. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Bibi."

Akageukia ukutani.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Fizi zilichukua muda mrefu kupona, na alipopona baba mdogo alimpeleka Tanga kutengenezewa meno mengine. Safari hii alirudi akijua kila kitu na akatujulisha sote: kuyavua anapolala, kusugua fizi na ulimi kwa kitambaa safi, kurudi kwa daktari hata kama hakuna kinachouma. Uji akaunywa bila sukari na uso umekunjamana. Darasa hakulirudisha. Mama alimsihi, Bi Zaituni mwenyewe alikuja kumsihi, na jibu lake lilikuwa moja, kwamba ameshatoa. Ilipofika alasiri alikaa barazani peke yake na msahafu wake, akasoma kwa sauti ya chini, kila herufi mahali pake.

Kuyaosha meno mapya alinipa mimi. Kila jioni aliyavua akaniwekea kiganjani, akasimama karibu yangu karoni mpaka nimalize. "Maji ya baridi," alisema. Aliishi miaka sita mingine, na kila jioni ya miaka hiyo nilijiuliza kama ni adhabu au ni msamaha. Hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza.

Kuhusu sufuria hakuniuliza hata siku moja. Hilo lilinishangaza nikiwa mtoto, maana niliamini sufuria ndiyo iliyokuwa kosa langu, na kwa ajili yake nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Ilinibidi nizae, nami nilale na mtoto ubavuni, ndipo nilipoelewa. Meno yalimuumiza mdomo, na mdomo ulipona. Lakini kwa miezi mitano bibi yangu aliswali akiamini kwamba Mungu amemkasirikia, na kwenye kitanda kile kile alicholala alikuwapo mtoto aliyejua kwamba si kweli.